Edgar Sengier na siri ya Shinkolobwe

Vijana wetu wa Katuba huuliza kama ni kweli kwamba bomu la Hiroshima lilitoka kwetu. Lilitengenezwa Marekani, lakini sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Aliyeiuza aliitwa Edgar Sengier.

Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1879, akasomea uinjinia wa migodi Leuven, akawa mkurugenzi wa Union Minière du Haut-Katanga. Zamani hizo mawe ya Shinkolobwe yalitafutwa kwa ajili ya radiamu, iliyotumika kutibu saratani. Mwezi wa tano 1939, mwanasayansi Mwingereza Henry Tizard alimwonya kwamba mawe hayo yakiangukia mikononi mwa adui yangeleta maangamizi. Sengier hakusahau. Mwaka 1940, Wajerumani walipokwisha kuiteka Ubelgiji, alisafirisha tani zipatazo 1,200 hadi ghala moja la Staten Island, New York. Mwezi wa tisa 1942 Kanali Kenneth Nichols alimfikia ofisini, na kwa mazungumzo mafupi mzigo wote ukauzwa.

Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliteketea. Mwaka uliofuata Marekani ilimvika Sengier nishani, bila kelele. Alifariki mwaka 1963 huko Ufaransa.

Alimzuia Hitler asipate mawe yale, na hilo si jambo dogo. Lakini Wakatanga walioyachimba na kuyachagua kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini, wala kwamba yanaweza kudhuru miili yao.

Siri huvuta watu. Dereva wa lori wa Marekani, John Coster-Mullen, ambaye hakuwa mwanasayansi, alitumia miaka mingi kuchunguza picha na nyaraka mpaka akaeleza jinsi mabomu yale yalivyoundwa. Sisi hatuhitaji kujua bomu linaundwaje. Siri iliyobaki kwetu ni ya watu: jina la Sengier limehifadhiwa, hata madini ya sengierite yameitwa kwa jina lake, lakini majina ya wachimbaji yako wapi?

Mungu alimwuliza Kaini habari za ndugu yake. Kijana mwenye hamu ya kuchunguza, anzia nyumbani. Kaa na mzee ambaye baba yake alifanya kazi mgodini, umsikilize, uandike jina lile kabla halijapotea.