MERCEDES ALIKUWA NANI?

 Kaa kitako nikusimulie.

Mtaani kwetu Komarock kuna gari kuukuu la Mercedes-Benz lililowekwa juu ya mawe, mwaka wa tatu sasa. Magurudumu halina. Ile nyota ya mbele mwenyewe aliing'oa akaenda nayo nyumbani isije ikaibwa. Baba yangu ni fundi wa jua kali, na ndiye aliyepewa kazi ya kulifufua. Siku moja nikimshikia spana nilimwuliza huyu Mercedes alikuwa nani. Baba akajipangusa grisi, akaniambia nikamtafute mwenyewe, kwani karo analipa ya nini?

Basi nikatafuta. Kumbe Mercedes hakuwa mwenye kiwanda, wala fundi. Alikuwa msichana wa miaka kumi! Aliyelipachika gari jina lake ni babake, Emil Jellinek, na maisha ya huyu jamaa si mchezo.

Emil alizaliwa tarehe 6 Aprili 1853 mjini Leipzig, Ujerumani, akakulia Vienna, Austria. Baba yake alikuwa rabi, msomi mkubwa wa Kiyahudi. Ndugu yake Georg akawa profesa mashuhuri wa sheria. Emil je? Yeye na kitabu walikuwa paka na panya. Shule hii ikamshinda, na ile nayo ikamshinda. Alipofika miaka 17 wazazi wakamtafutia ukarani katika kampuni ya reli. Baada ya miaka miwili akamwaga unga, kwa maana wakubwa waligundua kwamba usiku alikuwa akishindanisha magari moshi!

Mtoto kama huyo angeitwaje mtaani kwetu? Sitaki kumcheka sana, maana ripoti yangu ya hesabu ya muhula uliopita haikuwa ya kuonyeshwa wageni.

Mwaka wa 1872 Emil alikwenda Ufaransa, kisha akavuka hadi bara letu la Afrika. Alifanya kazi Tangier na Tetuan nchini Moroko, halafu akafanya biashara Oran, Aljeria, akiuza tumbaku na baadaye bima. Huku Afrika ndiko alikompata mkewe, Rachel. Mwaka wa 1889 walimzaa binti wakampa jina la Mercédès. Hilo ni jina la Kihispania, na maana yake ni rehema. Kwa hivyo mzee anayepita kwenye Benz yake akitutimulia vumbi, kwa Kiswahili sanifu amepanda Rehema.

Emil alipotajirika alipenda kukaa Nice, kusini mwa Ufaransa, penye matajiri wenzake. Mwaka wa 1897 alikwenda Cannstatt, karibu na Stuttgart, kwenye kiwanda cha Daimler, akaagiza gari. Likamchosha kwa mwendo wa kobe. Akaagiza mengine yenye nguvu zaidi, akawa anayauza kwa matajiri na kuyaingiza mashindanoni kwa jina la bintiye.

Machi 1900 ulikuwa mwezi mbaya. Tarehe 6 alifariki Gottlieb Daimler, mwanzilishi wa kiwanda. Mwisho wa mwezi, dereva Wilhelm Bauer alipata ajali katika mashindano ya kupanda mlima kutoka Nice hadi La Turbie, akafa. Wapo waliotaka kiwanda kiachane na mashindano kabisa. Jellinek alikataa. Kwake yeye kosa lilikuwa umbo la gari: refu kwenda juu, fupi na zito, likikata kona linapinduka. Alitaka gari jipya, refu kwa urefu, pana, lililo chini karibu na ardhi.

Hapa ndipo alipotofautiana na watu wa maneno matupu. Aliagiza magari 36 kwa mpigo, ya thamani ya marki 550,000. Masharti yake: apewe peke yake haki ya kuyauza katika nchi kadhaa, na yaitwe Mercedes. Hilo la jina lilikuwa na ujanja ndani yake. Kule Ufaransa kampuni ya Panhard et Levassor ndiyo iliyokuwa na haki ya jina la Daimler. Tena Wafaransa walikuwa hawajavisahau vita vyao na Wajerumani vya 1870 na 1871. Jina la Kihispania halikumkera mtu.

Aliyelichora gari hilo ni Wilhelm Maybach, yatima aliyelelewa katika makao ya hisani na kufundishwa humo uchoraji wa mitambo. Alilipa nguvu za farasi 35 na rejeta yenye matundu kama sega la asali. Jellinek alikabidhiwa la kwanza tarehe 22 Desemba 1900. Machi 1901, huko Nice, wapinzani walikula vumbi. Jina likasajiliwa mwaka wa 1902, na mwaka uliofuata Emil mwenyewe akapata ruhusa ya kuitwa Jellinek-Mercédès. Wazungu waliona ajabu baba kuitwa kwa jina la mwanawe. Sisi huku Baba Rehema ni jambo la kila siku!

Mwisho wake haukuwa wa raha. Vita Vikuu vya 1914 vilipozuka alishukiwa ujasusi. Alifariki Geneva tarehe 21 Januari 1918. Daimler na Benz ziliungana mwaka wa 1926, ndipo tukapata Mercedes-Benz. Binti mwenyewe alifariki mwaka wa 1929, akiwa na miaka 39 tu. Jina lake lilisafiri hadi kwetu, nasi tukalizalia kabila jipya: wabenzi.

Siku hizi magari yao hayapewi majina ya mabinti. Kabla halijauzwa, gari huwa na namba ya kiwandani, kama W124, ambayo mafundi wa Nairobi wanaijua kuliko namba za simu zao. W ni ya neno la Kijerumani Wagen, yaani gari. Likiingia dukani hupewa herufi: C, E au S.

Nasi Kenya tulijaribu. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari hata kama litakwenda polepole. Magari matano ya majaribio yalitengenezwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa kwa taifa mwaka wa 1990. Jina lilikuwepo, mafundi walikuwepo. Pesa za kuyaunda kwa wingi zikakosekana, mambo yakaishia hapo. Hatukumpata Jellinek wetu wa kusema leteni 36.

Nilipomsimulia Baba haya yote alisikiliza hadi mwisho. Nilitumaini atanisamehe ile ripoti, kwa vile Emil naye alifeli. Wapi! Alinikumbusha kwamba Emil bila Maybach aliyejua kuchora na kupima angebaki na pesa zake mfukoni. Kisha akalitazama lile gari letu juu ya mawe, akahema, akasema huyo Emil alikuwa mteja mzuri sana. Mwenye hii gari bado hajaleta hata pesa za vipuri.