Ernst Fuchs: daktari wa macho ambaye maandishi yake bado yanasaidia wagonjwa

Msikilizaji wetu wa Rudewa, Kilosa na Mikumi, kwetu mzee akilalamika kwamba anaona ukungu, jibu la haraka ni kwamba ana mtoto wa jicho. Mara nyingi ni kweli. Lakini upo ukungu mwingine, unaorithiwa ndani ya ukoo, na unakaa sehemu tofauti ya jicho. Aliyeutenganisha na magonjwa mengine ni daktari wa Austria aitwaye Ernst Fuchs. Leo tunasimulia maisha yake, kwa sababu yanahusu kadi yako ya hospitali kuliko unavyodhani.

Fuchs alizaliwa mjini Vienna tarehe 14 Juni 1851. Alisomea udaktari hapo hapo, kisha akawa msaidizi wa Ferdinand Arlt, mmoja wa mabingwa wakubwa wa macho wa wakati ule. Mwaka 1881, akiwa na miaka 30 hivi, alikwenda Liège nchini Ubelgiji kuwa profesa. Mwaka 1885 alirudishwa Vienna kuongoza kliniki ya macho ya chuo kikuu, na akaiongoza hadi mwaka 1915.

Wakati huo Vienna ulikuwa mji mkuu wa dola kubwa. Wagonjwa walitoka karibu na mbali, na madaktari vijana walisafiri kutoka nchi nyingi kuja kujifunza kwake. Mwaka 1889 alitoa kitabu cha kufundishia magonjwa ya macho. Kilichapwa tena na tena, kikatafsiriwa katika lugha mbalimbali, kikiwemo Kiingereza na Kijapani.

Fuchs alikuwa mtu wa kuangalia kwa makini na kuandika. Mwaka 1910 alichapisha taarifa ya wagonjwa 13, wengi wao wazee. Konea zao, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, zilikuwa zimeingia ukungu polepole. Aliandika kwamba ngozi ya juu ya konea imevimba na kutoa malengelenge madogo, na kwamba jicho halihisi vizuri likiguswa. Aliandika pia jambo ambalo mwingine angelipuuza: kuna waliosema wanaona vibaya asubuhi, na kadiri siku inavyokwenda wanapata nafuu.

Hapo ndipo penye funzo. Maelezo ya Fuchs kuhusu chanzo hayakuwa sahihi. Alidhani tatizo linaanzia tabaka la nje la konea, na jina alilolipa ugonjwa lilitokana na dhana hiyo. Hakuwa na kifaa cha kumwonyesha zaidi. Mwaka uliofuata, 1911, Allvar Gullstrand wa Sweden alionyesha taa mpya ya kuchunguzia jicho, inayotoa mwanga mwembamba kama ufa wa mlango. Kwa taa hiyo madaktari waliokuja baadaye waliona vijitone kwenye tabaka la ndani kabisa la konea.

Tabaka hilo lina chembe hai zinazofanya kazi kama pampu, zikitoa maji ili kioo kibaki angavu. Zikipungua, maji yanabaki na konea inavimba. Usiku macho yakiwa yamefumba, maji hayapati nafasi ya kukauka. Mchana, macho yakiwa wazi, yanakauka kidogo. Ndiyo maana ukungu ni wa asubuhi. Dhana ya Fuchs ilibadilishwa, lakini alichokiandika kutoka kwa wagonjwa wake kilibaki, na ugonjwa ukabaki na jina lake.

Baada ya kustaafu, Fuchs alisafiri nchi nyingi akifundisha. Alifariki Vienna tarehe 21 Novemba 1930, akiwa na miaka 79.

Mwaka ule ule wa 1851 alizaliwa Mfaransa Jacques Bertillon, mtaalamu wa takwimu. Mwaka 1893 Bertillon aliwasilisha orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, ili nchi zote zihesabu kwa namna moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliichukua kazi hiyo na kuongeza magonjwa yasiyoua. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, magonjwa ya konea ya kurithi, ukiwemo wa Fuchs, yana namba H18.5. Makovu na ukungu mwingine wa konea ni H17. Trakoma, yaani vikope, ambayo wenzetu wa Kongwa upande wa Dodoma wanaifahamu sana, ni A71.

Namba hizi zina kazi gani kwa mkulima wa Rudewa? Tuseme bibi mwenye miaka 60 amekwenda kliniki, na kwenye kadi yameandikwa maneno mawili tu: haoni vizuri. Akipewa rufaa, daktari wa mbele hana pa kuanzia. Mtoto wa jicho upo kwenye lenzi, nyuma ya mboni, na hutolewa kwa upasuaji. Lakini upasuaji huo unaweza kuchosha zaidi pampu za konea ambazo tayari ni chache, na ukungu ukazidi. Daktari akijua mapema, atapima konea kwanza, atachukua tahadhari na kumweleza mgonjwa hatari iliyopo. Konea ikishindwa kabisa, tiba ni kupandikiza nyingine, au tabaka la ndani peke yake.

Kwa watoto wa bibi huyo, maandishi hayo ni onyo la mapema. Katika koo zenye ugonjwa huu, mara nyingi kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Kwa kawaida hausumbui mpaka umri wa miaka 50 na kuendelea, na wanawake huupata zaidi.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukienda kupimwa macho usiseme tu kwamba huoni. Sema ni jicho lipi, au yote mawili. Sema ilianza lini, na kama ni mbaya zaidi asubuhi au jioni. Sema kama mama, baba, shangazi au mjomba alikuwa na shida hiyo. Omba yaandikwe, kisha tunza kadi yako na uende nayo kila unapopewa rufaa. Wagonjwa 13 wa Vienna walieleza, na daktari wao akaandika. Zaidi ya miaka 100 baadaye, maelezo yao bado yanasaidia kumtambua mgonjwa mwingine.