Christine de Pizan, mujane aliyechorwa na vitabu vyake

Wachoraji wa zamani wa Ulaya walipochora mwanamuke mwenye kusoma, mara mingi alikuwa Bikira Maria: malaika Gabrieli anamukuta na kitabu mbele yake. Lakini kuko picha ingine, ya karibu mwaka 1414. Ni mama mujane ndani ya chumba chake, nguo ya buluu, kalamu mukononi, mbwa mudogo mweupe pembeni. Ni Christine de Pizan. Leo tunawaletea maisha yake.

Alizaliwa Venise karibu mwaka 1364. Mufalme Charles wa 5 aliita baba yake Paris, juu alikuwa munganga na mutu wa kusoma nyota. Mama alitaka binti asokote nyuzi tu. Baba akapenda asome. Akiwa na miaka 15 aliolewa na Étienne du Castel, sekretere wa mufalme. Walipendana sana.

Kisha shida ikaingia. Mufalme akafa, baba akafa. Étienne alienda Beauvais kwa safari ya kazi, ugonjwa ukamukamata, akafia kule. Christine alikuwa na miaka 25, watoto 3, mama yake na binti ya ndugu, wote wakimutegemea yeye. Mushahara wenye bwana alikuwa anadai haukulipwa. Hakujua hata mambo ya feza ya bwana. Alizunguka tribinali moja mpaka ingine zaidi ya miaka 10. Wajane wa kwetu wanaijua njia ile.

Basi akarudia vitabu. Alisoma, akaandika, wakubwa wakamulipa, watoto wakakula. Mwaka 1405 alimaliza kitabu juu ya muji wa wanamuke. Katika picha yake anaonekana akipanga mawe ya ukuta pamoja na mama mwenye taji. Kazi ya wachoraji aliisimamia yeye mwenyewe. Kitabu kikubwa alichomutolea malkia Isabeau kiko London mpaka leo.

Mwaka 1418 vita ilimukimbiza Paris, akaingia nyumba ya masista. Mwaka 1429 aliandika shairi ya kumusifu Jeanne d'Arc. Alikufa karibu mwaka 1430.

Katika vitabu vyake alishauri kila muke ajue mapato na madeni ya nyumba wakati bwana angali muzima. Baba, usingojee: leo jioni onyesha mama karatasi za mushahara na za kazi, na musome pamoja.