Shakwe Juu ya Kofia

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mathayo 6:25–34, Zaburi 107:23–31, Danieli 3:16–18.

Eddie Rickenbacker alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1890 katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uswisi, watu wa kipato kidogo. Mama yake aliwafundisha watoto kuomba na kuiheshimu Biblia. Mwaka 1904 baba alifariki. Eddie, akiwa na umri wa miaka 13, aliacha shule akaenda kufanya kazi kiwandani ili nyumba ipate chakula. Ufundi wa injini alijifunza kwa kazi ya mikono na kwa masomo yaliyotumwa kwa posta.

Kutoka gereji akapanda hadi kuwa dereva mashuhuri wa magari ya mashindano. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, alijiunga na jeshi akapelekwa Ufaransa kuendesha magari ya maofisa. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa angani. Umri wake ulikuwa umezidi ule uliotakiwa kwa wanafunzi wa urubani, na elimu yake ilikuwa ndogo kuliko ya vijana wenzake waliotoka vyuo vikuu. Hata hivyo alipata nafasi, na mwaka 1918 akaingia Kikosi cha 94.

Ndege za wakati ule zilikuwa za mbao na kitambaa, na marubani wa Marekani hawakuwa na parachuti. Ndege ikishika moto, rubani hakuwa na pa kukimbilia. Tarehe 25 Septemba 1918, mara tu baada ya kukabidhiwa uongozi wa kikosi, Rickenbacker alizishambulia peke yake ndege saba za Wajerumani, akaangusha mbili. Vita vilipokwisha mwezi Novemba, alikuwa amehesabiwa ushindi 26, kuliko rubani yeyote wa Marekani katika vita hivyo. Kwa tendo la siku ile ya Septemba alipewa Nishani ya Heshima mwaka 1930.

Sifa hazikumkinga na anguko. Kampuni ya magari iliyobeba jina lake ilifilisika mwaka 1927. Baadaye aliongoza shirika la ndege la Eastern. Mwezi Februari 1941, ndege ya shirika hilo aliyokuwa amepanda ilianguka karibu na Atlanta. Alivunjika mifupa mingi, akakaa hospitalini kwa miezi kadhaa. Alitoka akitembea kwa shida.

Alikuwa bado na maumivu hayo mwezi Oktoba 1942, Waziri wa Vita alipomtuma Bahari ya Pasifiki kukagua vituo vya ndege na kupeleka ujumbe wa siri kwa Jenerali MacArthur. Ndege kubwa aliyosafiri nayo kutoka Hawaii ilikikosa kisiwa ilikotakiwa kutua. Mafuta yakaisha, na rubani akaishusha baharini. Watu wanane waliingia katika mashua tatu ndogo za mpira. Maji na chakula vilivyokuwa vimeandaliwa vilizama pamoja na ndege. Walibaki na machungwa manne tu.

Shujaa wa angani sasa hakuwa na injini wala silaha ya kumfaa. Mchana jua liliwachoma ngozi. Usiku baridi iliwatetemesha. Papa walizunguka chini yao. Mmoja wa vijana alikuwa na Agano Jipya mfukoni. Wakafunga mashua pamoja kwa kamba, wakawa wanasoma kwa zamu na kuomba. Si wote walioamini. James Whittaker, rubani msaidizi, mwanzoni aliyadharau maombi hayo.

Siku ya nane walisoma maneno ya Yesu katika Mathayo 6 kuhusu chakula na kinywaji, wakaomba. Baadaye Rickenbacker alijifunika uso kwa kofia ili apumzike. Mara akahisi kitu kimetua kichwani. Alikuwa shakwe. Wenzake wakanyamaza, wasithubutu hata kujisogeza. Aliinua mkono polepole, akamkamata. Nyama wakagawana mbichi. Matumbo yakawa chambo cha ndoana, wakapata samaki. Kisha mvua ikanyesha, nao wakakamua maji kutoka katika nguo zao. Whittaker, aliyekuwa akidharau, alianza kuomba yeye mwenyewe, na baada ya kuokolewa aliwasimulia wengi jinsi alivyomwamini Mungu pale majini.

Lakini si kila ombi lilijibiwa kama walivyotaka. Sajini kijana Alexander Kaczmarczyk, aliyekuwa ametoka hospitalini muda mfupi kabla ya safari, alizidi kudhoofika. Rickenbacker alimkumbatia usiku ili kumpa joto. Hata hivyo kijana alifariki, na wenzake wakauteremsha mwili wake baharini kwa maombi.

Kwa waliobaki, Rickenbacker alikuwa na ulimi mkali. Aliyetaka kukata tamaa alikemewa na kutukanwa, hata wengine wakaapa kuishi ili tu wamzike yeye. Maneno yake yaliwaumiza, ingawa nia yake ilikuwa wasife.

Nyumbani, jeshi lilitaka kusitisha utafutaji. Mkewe Adelaide hakukubali. Aliomba waongeze muda, akasikilizwa. Tarehe 13 Novemba 1942, siku ya 24, ndege ya wanamaji iliwaona Rickenbacker na wenzake wawili. Wanne waliokuwa wamejitenga katika mashua nyingine walipatikana pia. Alipopata nguvu kidogo, Rickenbacker aliendelea na safari hadi New Guinea, akaufikisha ujumbe kwa MacArthur. Tangu hapo hakuona haya kusema hadharani kwamba Mungu ndiye aliyewaokoa. Alifariki tarehe 23 Julai 1973 huko Zürich, katika nchi ya wazazi wake.

Maswali ya Kujadili:

1. Wanaume wanane waliomba katika bahari moja, saba walirudi. Linganisha na imani ya vijana watatu katika Danieli 3:16–18. Tutamfarijije mtu ambaye mpendwa wake aliombewa lakini hakupona?

2. Rickenbacker alijifunza kuomba magotini pa mama yake, akayahitaji maombi hayo akiwa na umri wa miaka 52. Hilo linawaambia nini wazazi ambao watoto wao wameliacha kanisa?

3. Je, ukali wa maneno unaweza kuwa upendo? Mpaka uko wapi?