Zagourski, mtu wa kadi za « Afrika inayopotea »

Kazimierz Zagórski alizaliwa mwaka wa 1883 huko Zhytomyr, mji ambao leo uko ndani ya inchi ya Ukraine. Ile wakati mji ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi, lakini jamaa yake ilikuwa ya Wapolandi. Alikuwa afisa katika jeshi la anga la Urusi, na kisha mapinduzi ya 1917 akatumikia jeshi la Poland. Mwaka wa 1924 akaacha Ulaya, akafika Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Huku Congo jina lake likaandikwa Kifaransa: Casimir Zagourski. Hilo ndilo jina wakusanyaji wa kadi za posta wanalijua mpaka leo.

Pale Leopoldville alifungua studio ya foto. Kazi ya studio ilimpa chakula, lakini moyo wake ulikuwa kwenye barabara. Alisafiri ndani ya Congo, akafika Rwanda na inchi zingine za jirani. Alipiga foto za Wamangbetu, Wakuba, Wabatwa, Watutsi na makabila mengine mengi. Zile foto akazitoa kama kadi za posta, akaziita L'Afrique qui disparaît, ni kusema Afrika inayopotea. Mwaka wa 1937 kazi yake ilionyeshwa mbele ya dunia, katika maonyesho makubwa ya Paris.

Sasa, juu ya nini watu walizipenda hizi kadi kuliko zingine? Kwanza, karatasi. Kadi nyingi za posta za zamani zilichapwa na mashine kama gazeti, na ukiangalia karibu unaona vidoto vidoto. Za Zagourski zilikuwa foto kamili juu ya karatasi ya foto. Nyeusi yake ni nyeusi kweli, na unaweza kuhesabu shanga kwenye shingo ya mama.

Pili, namna ya kupanga picha. Mara nyingi alimweka mtu peke yake, uso ukiangalia pembeni, na nyuma hakuna kitu kingi cha kusumbua macho. Kichwa kirefu cha mwanamke Mumangbetu, pamoja na nywele zake zilizosukwa kwenda nyuma, kinaonekana sawa sanamu.

Tatu, namba. Kila kadi ya mfululizo ilikuwa na namba yake. Hapo ndipo kulikuwa akili ya biashara. Mwenye kuwa na namba ya 10 na ya 12 hawezi kulala vizuri mpaka apate ya 11. Watoto wanaokusanya picha za wachezaji wa mpira wanajua hiyo homa. Mzungu wa koloni aliyenunua moja ya kutuma kwa mama yake Ubelgiji, alirudi kununua zingine za kujiwekea.

Lakini kadi inahukumiwa pia kwa maneno yake, na hapa ndipo ya Zagourski inaanguka. Kadi ya mchezaji wa mpira inaanza na jina lake: bila jina, hakuna mtu atakayeitafuta. Kadi nyingi za Zagourski zinasema kabila, pengine na mahali. Mwanamke wa Mangbetu. Mtu wa Batwa. Jina la mpiga picha linajulikana, la mwenye uso halijulikani. Leo mkusanyaji wa Paris ao Brussels anaweza kutafuta kadi kwa namba na kuipata. Mjukuu wa yule mama hawezi kutafuta kadi ya bibi yake, juu hakuna jina la kutafuta.

Hata lile neno « inayopotea » linahitaji kupimwa. Ni kweli, desturi ya kufunga vichwa vya watoto kwa Wamangbetu iliisha. Lakini watu wenyewe hawakupotea, Wamangbetu wako, Wakuba wako. Na ile Afrika iliyokuwa inazaliwa, mfululizo huo haukuitafuta sana. Kwetu hapa, wakati mji ungali unaitwa Albertville, reli ya kwenda Kabalo ilikuwa imemalizika tangu 1915, na watu walichimba makaa ya mawe ya Lukuga. Mchimbaji mwenye suruali na taa mkononi alikuwa pia Mwafrika wa wakati ule. Lakini mnunuzi wa Ulaya hakutaka kuona ile kadi.

Zagourski alikufa Leopoldville mwaka wa 1944, kisha miaka 20 ya Congo. Kadi zake zinaendelea kuuzwa na kununuliwa, na foto zake zimetolewa katika vitabu. Ni kazi nzuri, na bila yeye nyuso nyingi zisingebaki hata kidogo. Mambo mawili haya ni ya kweli pamoja: aliokoa sura, akaacha majina.

Mwenye kuwa na foto za wazee nyumbani anaweza kufanya kile kadi zile hazikufanya. Ageuze foto, aandike nyuma kwa upole na kalamu ya risasi: jina la kila mtu, mahali, mwaka kama unajulikana. Wazee wanaoweza kusema « huyu ni fulani » wanapungua kila mwaka.