Edward Barnard na Mawingu Meusi ya Angani

Ukiwa Lingeka, upande wa Bariadi, mwezi wa Julai mvua zilipokwisha, toka nje usiku usio na mbalamwezi utazame juu. Utauona ule mkanda mweupe uitwao Njia ya Maziwa, na ndani yake, karibu na Akarabu na Kausi, utaona mahali peusi kana kwamba mtu amemwaga wino.

Aliyefanya kazi kubwa kutujulisha weusi huo ni Edward Emerson Barnard, aliyezaliwa Nashville, Marekani, tarehe 16 Desemba, 1857. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, mama akamlea katika ufukara, na shuleni hakukaa ila miezi miwili hivi. Akiwa na umri wa miaka 9 aliajiriwa na mpiga picha. Kazi yake ilikuwa kukigeuza pole pole chombo kikubwa cha kukuzia picha, kilifuate jua mchana kutwa. Wavulana waliomtangulia walisinzia; yeye hakusinzia. Nadhani hakuna chuo ambacho kingalimfaa zaidi, kama utakavyoona.

Baadaye alinunua darubini, akawa mgunduzi wa nyota zenye mkia. Tajiri mmoja alitoa dola 200 kwa kila nyota mpya ya namna hiyo, na kwa fedha hizo Barnard akalipia nyumba yake! Mwaka 1892 aligundua mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii.

Lakini moyo wake ulikuwa katika picha. Kwa saa nyingi za baridi aliishikilia nyota moja katikati ya darubini ili picha isitikisike, kama alivyolifuata jua utotoni. Katika vioo vyake yakatokea maumbo ya ajabu: nyoka, kiko, tone la wino. Kile Kichwa cha Farasi kilicho katika kundi la Orion kiligunduliwa na Bibi Williamina Fleming mwaka 1888. Barnard alikipa namba 33.

Je, ni vitu gani hivi? William Herschel alidhani ni matundu yasiyo na nyota, na Barnard mwenyewe aliishika rai hiyo miaka mingi. Lakini yawezekanaje matundu mengi hivyo, marefu kupita kiasi, yote yaielekee dunia yetu? Usiku mmoja wa kiangazi cha 1913 aliona vijiwingu vya kawaida vikipita mbele ya nyota za Kausi, vyeusi kama matone ya wino, vikifanana sana na vile vya picha zake. Akaiacha rai ya zamani, na mwaka 1919 akatangaza orodha ya vitu vyeusi 182. Leo twajua kwamba ni mawingu ya gesi baridi na vumbi yanayozuia mwanga wa nyota zilizo nyuma, na ndani yake nyota mpya huzaliwa.

Kwa ajili ya kitabu chake cha picha alikagua kwa macho yake nakala 35,700, moja moja. Hakukiona kikitoka. Alifariki tarehe 6 Februari, 1923, na Bibi Mary Calvert, binti wa ndugu ya mkewe, pamoja na Edwin Frost, wakakikamilisha mwaka 1927.