Abu Bakr al-Baytar: Tabibu wa farasi wa Sultani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa viumbe wanaosema na wasiosema. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, katika Suratul-Adiyat Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi wanaokwenda mbio huku wakihema, na kwato zao zikitoa cheche za moto. Wengi wetu tuliihifadhi sura hii tungali wadogo madrasa, lakini ni wachache tuliojiuliza ni nani waliozitunza kwato hizo. Ijumaa ya leo, kwa uwezo wake Mola, tunamtazama mmoja wao, naye ni Abu Bakr bin Badr al-Baytar wa Misri.

Tutanabahi kwanza kwamba huyu siye Ibn al-Baytar wa Andalusia, mjuzi mashuhuri wa mitishamba aliyefariki Damascus mwaka 1248. Neno baytar kwa Kiarabu ni tabibu wa wanyama, na zamani mtu huyo huyo ndiye aliyekata kwato za farasi na kuwavisha viatu vya chuma.

Mtoto wa fundi

Baba yake, Badr, naye alikuwa baytar, na mwana akairithi kazi ya mzazi wake. Hatimaye alikuwa mkuu wa matabibu wa farasi wa Sultani al-Nasir Muhammad bin Qalawun, aliyetawala Misri na Sham kwa vipindi vitatu kati ya mwaka 1293 na 1341. Sultani huyu alisifika kwa kuwapenda farasi, na aliwanunua kwa mabedui wa Kiarabu kwa mali nyingi.

Wala haikuwa anasa tupu. Mwaka 1260 majeshi ya Wamamluki yaliwazuia Wamongoli pale Ain Jalut, na mwaka 1303, zama za al-Nasir mwenyewe, yakawashinda tena karibu na Damascus. Askari wale walipigana juu ya migongo ya farasi. Farasi akichechemea, mpandaji wake yumo hatarini, na mji ulio nyuma yake vilevile.

Upana wa msumari

Ukwato huota kama kucha zetu, takriban sentimita moja kwa mwezi. Ukuta wake wa nje ni mgumu, hauna damu wala hisia. Lakini ndani yake mna nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Msumari wa kiatu ukipita katika ukuta wa nje, mnyama hadhuriki. Ukipotoka kidogo tu ukaingia ndani, huumia, na jeraha huweza kutunga usaha. Tena farasi akila nafaka kupita kiasi, nyama hiyo ya ndani huweza kuvimba, ukuta ukaanza kuachana na mfupa. Hapo huhitaji kukatwa kwato kwa kipimo, na pengine kuvishwa kiatu kinachoondoa uzito mahali panapouma. Baina ya tiba na ulemavu pana upana wa msumari.

Ndiyo maana kazi hii iliwekewa masharti. Al-Shayzari, aliyeandika juu ya usimamizi wa masoko katika karne ya 12, ameeleza kwamba tiba ya wanyama ni ngumu kuliko ya wanadamu, kwa kuwa mnyama hawezi kutaja maradhi yake. Akamtaka fundi auangalie ukwato kabla ya kuukata. Ukiwa umeelemea upande mmoja, akate upande wa pili mpaka usawa urudi. Asikate kupita kiasi. Asiilegeze misumari, kiatu kikachezacheza na changarawe zikaingia, wala asiikaze mno, mnyama akaja kuchechemea. Na juu ya yote, akataka awe mtu mwenye dini itakayomzuia asiwaingilie wanyama kwa kuwakata na kuwachoma moto bila ya ujuzi.

Kitabu chake

Waliandika wengine kabla yake, kama Ibn Akhi Hizam katika zama za Bani Abbas. Lakini Abu Bakr aliyakusanya maarifa ya mazizi katika kitabu kikubwa chenye sehemu kumi, Kamil al-Sina'atayn, ambacho hujulikana pia kama al-Nasiri, kwa jina la Sultani wake. Mna humo sifa za farasi, malezi yao, maradhi na tiba zake. Alifariki mwaka 741 Hijria, sawa na 1340, na Sultani naye akafariki mwaka 1341. Baada ya karne tano, tabibu Mfaransa Nicolas Perron, aliyepata kufundisha utabibu Misri, alikitafsiri, kikachapishwa Paris baina ya mwaka 1852 na 1860.

Funzo kwetu

Ndugu zangu, farasi hawezi kumshitaki aliyempigilia msumari vibaya. Anayemsemea ni Mola wake. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga bila ya kumlisha, na kwamba aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa. Basi tuwatazame punda wavutao mikokoteni katika miji yetu, ambao baadhi yao kwato zimeota zikapinda, na bado wanachapwa wakaze mwendo. Mwenye punda na ajue kwamba kukata kwato hizo kwa wakati, kwa mkono wa mjuzi, ni haki ya mnyama juu yake.

Na mzazi mwenye kazi ya mikono asimwonee haya mwanawe kwa kumrithisha. Mtoto wa fundi wa kwato aliinyanyua kazi ya baba yake kwa elimu na uaminifu, na leo, karibu miaka 700 baadaye, tunamtaja kwa kheri.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu, atujaalie huruma kwa viumbe vyake na uaminifu katika kazi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.